Daftari la karafuu kwenye laptopu: shajara ya mradi wangu

Jumamosi, baada ya isha

Bismillahi, naanza. Nimeambiwa kila mradi uandikiwe shajara, la sivyo ukikwama hujui ulikwamia wapi, na mie kukwama ndo kazi yangu.

Mradi wenyewe huu hapa. Ami yangu kakodi shamba la mikarafuu huku Mtambwe, Pemba, msimu umekubali, wachumaji 23, na kila jioni karafuu zikishachambuliwa makonyo (vile vijiti vyake) zinapimwa kwa pishi, shangazi kakaa na kauntabuku lake anaandika fulani pishi 4 fulani pishi 6, mwisho wa wiki anajumlisha kwa kidole watu wanalipwa. Juzi mvua imepiga ghafla, watu wote mbio kwenye majamvi kuokoa karafuu zilizoanikwa, kauntabuku hakuna alolikumbuka. Likarowa. Kurasa tatu wino umevuja mpaka imekuwa ramani. Ikabidi kila mtu adai kwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya mtu anaedai pesa yakhe haipunguzi hata kibaba.

Ami kanitazama kasema weye si ndo unaesoma mambo ya kompyuta, hebu tufanyie kitu. Nikasema sawa ami, wiki moja tu. (Wiki moja! Nacheka peke yangu.)

Natumia Python, lugha ya kuandikia programu, ndo ninayoijua. Leo nimeandika klasi moja, yani kama kalibu la kutolea vitu vya aina moja, inaitwa Mchumaji, ina jina la mtu na ina listi (orodha) ya pishi zake. Nimeiwekea listi iwe tupu kwa difolti, yani nisipoandika nyengine, `pishi=[]`, ili nikimsajili mtu mpya nisihangaike kuandika listi tupu kila mara. Majina humu ndani nimeyabadili yote, watu wasije wakanifata.

Jumapili usiku

Aibu imenikuta.

Leo jioni nimebeba laptopu mpaka barazani, nikasema tujaribu na watu 7 tu kwanza. Shangazi anapima, mie naingiza: 4, 6, 5, 7, 3, 8, 5. Watu wameshajikusanya nyuma yangu wanachungulia skrini. Nikasema haya sasa naisomesha, nikaanza kusoma: Khamis, pishi 38. Time, pishi 38. Bi Asha, pishi 38. Wote 7, kila mtu pishi 38!

Kimya kidogo, kisha vijana wakaanza kushangilia, mana mtu kachuma 3 kaambiwa ana 38 kwanini asishangilie. Bi Asha, mtu mzima huyu anachuma matawi ya chini tu, akanambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mgongo wangu huu mie naujua, leo umeuma wa pishi 5. Ungeuma wa 38 ungenikuta hapa?"

Ami hakusema kitu, kaamka kaenda kusali.

Nimekaa mpaka saa sita za usiku naitafuta. 38 ni jumla ya wote, kwa iyo kuhesabu imehesabu vizuri tu, ila imewapa wote kitu kimoja. Nikachapa `id(asha.pishi)` ikanitolea namba ndefuu, nikachapa `id(khamis.pishi)`, namba ileile tarakimu kwa tarakimu. Python hii ya kawaida namba hio ni anuani ya kitu kwenye memori, yani kama mlango wa nyumba. Watu 7 wanaishi nyumba moja na mie nadhani nimewajengea 7.

Sababu yake: ile `pishi=[]` haifanywi kila nikimsajili mtu. Inafanywa mara moja tu, pale Python inapoisoma funksheni (kile kipande cha programu kinachosajili mtu), listi moja tupu inazaliwa inawekwa pembeni, na kila asieleta listi yake anapewa hio hio. Khamis akaandikiwa mule, Asha mulemule. Listi moja, inaitwa kwa majina 7.

Na hapa ndo nimeelewa kitu ambacho nimesomeshwa muhula mzima nikawa naitikia tu ndio maalim. Mie siku zote nilikuwa najua jina ni kama kopo, unaandika `x = 5` yani umetia 5 ndani ya kopo la x. Sio. Kitu kipo kwake, kinajikalia, na jina ni kamba tu imefungwa kwenye kitu. Alama ya `=` kazi yake ni kufunga kamba, haitii kitu ndani ya kitu wala haikopi chochote.

Bibi yangu mzaa baba sisi wajukuu tunamwita Bi Mkubwa, majirani wanamwita Mama Saidi, kaka yake alipokuwa hai alikuwa anamwita Time. Ukimpelekea Mama Saidi chai asubuhi kisha ukaenda kumuuliza Bi Mkubwa umeshakunywa chai, atakwambia nshakunywa. Hutashangaa, mana mtu ni mmoja. Sasa kwanini mie nimeshangaa pishi za Khamis kuingia kwa Asha?

Jumatatu

Tiba ni ndogo kuliko ugonjwa. Difolti nimeiweka `None`, yani hakuna kitu, halafu ndani nimeandika `if pishi is None` basi `pishi = []`. Hapo listi tupu inazaliwa upya kila nikisajili mtu, mana mstari huo unaendeshwa kila mara. Nimejaribu na watu 7 wale wale, namba zimetoka sawa. Bi Asha pishi 5. Kanitazama kasema "ehee."

Ila nimelipenda sana hilo neno `is`. Limekaa vizuri, linasomeka kama mtu anasema. Naliandika hapa ili nikumbuke ni lini nilianza kulipenda.

Leo kijana mmoja wa hapa kambini kwa wachumaji, anaejifunza programu, kaniuliza suali zuri. Kaona nimeandika `asha = Mchumaji("Asha")`, akasema sasa nikibadili lile la kwenye mabano nikaweka "Rukia", lile la kushoto litabadilika? Nikamwambia hayajuani kabisa. La kushoto ni kamba niloifunga mie mwenye programu, la kwenye mabano ni maandishi yamekaa ndani ya kitu kama mtu alivyobeba kitambulisho mfukoni. Na kitu chenyewe hakijui kinaitwaje na kamba zangu. Hapa mfano wa Bi Mkubwa unakatika, mana Bi Mkubwa ukimwita anaitika, anajijua majina yake yote matatu. Listi haijijui. Ukiishika listi ukaiuliza "weye nani" haina jibu, ina yalomo ndani tu.

Vitu vichache tu kama funksheni na klasi ndo vina `__name__`, na hilo nalo ni jina la siku ya kuzaliwa tu, ukija ukaifunga kamba nyengine lile la ndani linabaki palepale.

Jumatano, nimechoka

Yamenifika mengine.

Kila jioni orodha ya watu ni ileile, kinachobadilika ni pishi. Nikaona ujanja: nachukua orodha ya jana, naisafisha zile pishi, naandika za leo. Nikaandika `leo = jana`. Halafu nikapita mmoja mmoja namwekea sifuri.

Bila shaka ushajua. Jana yote imekuwa sifuri. Jumatatu nayo sifuri, mana Jumanne nilifanya vilevile na sikutazama nyuma. `leo = jana` haikufanya orodha mpya, imeifunga orodha ileile kamba ya pili, nikawa naifuta jana kwa jina la leo na roho yangu imetulia.

Alhamdulillah shangazi hakuliacha kauntabuku. Kalianika, kalifunga nailoni, na kaendelea kuandika kila siku bila ya kunambia. Nilipokwenda kumwambia kimenipotea kitu akalifungua taratibuu, akasema "haya andika." Nimekaa saa nzima naingiza upya na yeye ananisomea.

Alhamisi

Leo nimetumia kukopi. Ipo njia nyepesi, `jana.copy()`, nikaangalia `id` zao, mbili tofauti, nikasema sasa nimepona. Nikasafisha leo. Jana ikasafika.

Wallahi nilitaka kuitupa laptopu kwenye majamvi.

Ilivyo ni hivi, na ntaeleza polepole mana hapa ndo watu wengi wanaangukia. Listi yangu haina watu ndani yake. Ina kamba za kuwafikia watu. Nikiikopi napata listi mpya kweli, karatasi mpya, ila majina yaloandikwa mule yanakwenda kwa watu walewale. Ni kama shangazi kachukua karatasi ya pili akaandika upya orodha ya wachumaji 23. Karatasi mbili, lakini Khamis hajawa wawili. Ukimwambia Khamis avue kofia, basi kavua kofia kwa orodha zote mbili. Mie nilikuwa namvua Khamis pishi zake.

Ndo nikakutana na `deepcopy`, hii inashuka mpaka chini kabisa inakopi karatasi na watu na vilomo mifukoni mwao. Ina akili pia: inajiwekea kumbukumbu ya kila kilichokwisha kukopiwa, kwa iyo kama mtu katajwa mara mbili kwenye orodha hatoki watu wawili upande wa pili, anatoka mmoja katajwa mara mbili. Nikaijaribu, jana imebaki, leo imesafika. Nikalala.

Nikaamka usiku. Nimewaza, sasa nina Khamis wa Jumatano na Khamis wa Alhamisi, watu wawili mbali mbali, wana namba moja ya simu. Khamis akibadili namba yake nambadilishia yupi? Ikifika mwezi nina Khamis 26 na kila mmoja anajijua ndo mwenyewe. Hilo sio daftari hilo, ni mashetani.

Kosa halikuwa kwenye kukopi. Kosa mie nimeweka pishi za siku ndani ya mtu. Mtu ni mmoja siku zote, hakopiwi. Kinachozaliwa kipya kila jioni ni siku. Kwa iyo nimevunja, nimeandika klasi ya pili, Siku, ina tarehe na ndani yake nani kaleta pishi ngapi, huyo "nani" ni kamba tu ya kwenda kwa Mchumaji. Siku inazaliwa tupu, hakuna kusafisha, hakuna kukopi. `deepcopy` nimeitoa. Imekaa kwenye programu yangu saa tisa tu na nyingi kati ya hizo nilikuwa nimelala.

Ijumaa

Leo shambani hakuna kazi. Baada ya sala nimempigia binamu yangu yuko Unguja anasoma chuo, wao wanafanya Java, lugha nyengine ya programu. Nimemsimulia yote kacheka mpaka kakohoa, kisha tukabishana mpaka salio likaisha.

Yeye anasema kwao hayo hayapo. Nikamwambia yapo sana, kwenye Java ukiandika `==` kati ya objekti mbili (ndo hivi vitu ninavyovisema) huulizi kama zimefanana, unauliza kama ni kitu kimoja, ukitaka kufanana sharti utumie `equals`. Akanyamaza kidogo, kisha akakubali mana naye iliwahi kumuumiza, maneno mawili yanasomeka sawa herufi kwa herufi programu inamwambia si sawa.

Ilipo tofauti kweli ni lugha ya C++. Huko jina ndo kopo lenyewe, ukiandika `b = a` kitu kinakopiwa kizima, ukitaka kamba unaomba kamba kwa alama yake. Kwa iyo lile wazo langu la kopo halikuwa wazimu, nilikuwa nalo kwenye nyumba isiyokuwa yake.

Nilichokipenda zaidi leo nimekisoma kuhusu Simula, lugha ambayo mambo haya ya klasi na objekti yameanzia, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliitengeneza Oslo kule Norwei, ile ya 1967 ndo yenye klasi. Wale wazee walijua mapema kwamba watu watachanganya, wakaweka alama mbili mbali mbali. Kutia thamani ya kawaida ni `:=`, na kufunga jina kwenye objekti ni `:-`. Na kulinganisha vilevile mbili, `=` ya thamani na `==` ya kuuliza kama ni kitu kimoja. Yani ningekuwa naandika Simula, ile Jumatano ningeandika `leo :- jana` na macho yangu yangeona hapa nafunga kamba. Lugha za baadae zimekuja zimeweka alama moja kwa yote mawili zikaona zimerahisisha. Mie kwa maoni yangu zimetuharibia, ila hakuna alieniuliza.

Tulichobishana hasa na binamu ni hichi: ukiipa funksheni objekti, unaipa nini? Yeye anasema unaipa kitu chenyewe, mie nasema unaipa kamba ya pili ya kitu kilekile. Nikamwambia jaribu. Ndani ya funksheni andika `orodha = []`, nje hakuna kilichobadilika, mana umeichukua kamba yako ya ndani ukaifunga kwengine, ya nje ipo palepale. Halafu andika `orodha.clear()`, nje imefutika, mana sasa umekwenda kwenye kitu chenyewe ukakigusa. Barbara Liskov wa chuo cha MIT, Marekani, na lugha yake CLU, miaka ya 1970, hili walilipa jina lake wenyewe, kupeana kwa kushirikiana, na naona limekaa sawasawa: mie nnae na weye unae, na kitu ni kimoja.

Binamu akasema bado hajakubali, na salio likakatika, kwa iyo hesabu nimeshinda.

Jumamosi

Sasa lile neno `is`.

Nimeweka mtihani kila jioni: shangazi anajumlisha kwake, mie programu inajumlisha, halafu naingiza jumla yake tulinganishe. Zikilingana inaandika "Sawa shangazi". Nimeandika `if jumla is ya_shangazi`, mana nishakwambia nimelipenda. Wiki nzima imefanya kazi, 112 sawa, 131 sawa, 97 sawa.

Leo Jumamosi skuli hakuna, vijana wamejaa shambani, tumefika watu zaidi ya 40. Jumla ya programu 261. Shangazi kajumlisha kwa kidole, mara mbili, 261. Nikaingiza. Ikaandika "Hazilingani".

Shangazi kavaa miwani. "Hebu nisomee ya kwako." 261. "Na yangu?" 261. Akanitazama juu ya miwani. "Kwani 261 yangu na 261 yako zina tofauti gani?"

Nikakosa la kusema, na jibu la kweli ndo baya zaidi: tofauti yake shangazi ni kwamba hii yako na hii yangu, ni vitu viwili, kila moja ina mlango wake kwenye memori. `is` haiulizi kama zimefanana, inauliza kama ni kitu kimoja. Nilitaka kuuliza kufanana, hilo ni `==`.

Mbona wiki nzima ilikubali basi? Mana Python hii ninayotumia, ikiamka tu inatengeneza kabisa namba kuanzia -5 mpaka 256 inaziweka tayari, kwa vile ndo namba zinazotumika sana, na kila anaetaka 112 anapewa 112 ile ile moja. Kwa iyo 112 ya shangazi na 112 yangu kweli ilikuwa kitu kimoja, kwa bahati. Kuanzia 257 kila hesabu inazaa namba yake. Binamu kanambia Java nako wana mambo yao hayo hayo, kuanzia -128 mpaka 127. Yani programu yangu ilikuwa mbovu tokea siku ya mwanzo, ilikuwa inangojea msimu mzuri tu.

Nimebadili ikawa `==`. `is` nimemwachia `None` peke yake, mana `None` ipo moja tu duniani, ukiuliza kama ni yeye ndo yeye.

Jumatatu

Khamis kapotea.

Sio mtu, mtu yuko juu ya mkarafuu anaimba. Kapotea kwenye programu. Wachumaji nimewaweka kwenye dikshenari, jina mbele mtu nyuma, ili nikichapa jina nimpate upesi. Sasa kaja Khamis wa pili, baba yake nae Juma kama wa kwanza, nikamsajili "Khamis Juma", na ile kamba ya "Khamis Juma" ikafunguliwa kwa wa kwanza ikafungwa kwa wa pili. Programu haikulalamika hata neno moja. Khamis wa kwanza hana tena pa kuitwa, nikichapa jina lake anakuja mwenzake. Ila hajafutika kabisa kwa sababu Siku za nyuma bado zina kamba zake, angekuwa wa leoleo asiekuwa na pishi bado basi angeondoka mazima.

Kwenye kauntabuku la shangazi halikutokea hilo, yeye kaandika "Khamis mrefu" na "Khamis wa Konde" na hana habari.

Nikafanya la pili la kinyume chake: nimekuta nimemsajili mtu mmoja mara mbili, siku moja kwa jina lake, siku nyengine mjukuu wake kaja kupimisha kasema "za Mama fulani". Vitu viwili, mtu mmoja. Jina moja watu wawili, mtu mmoja majina mawili, na kompyuta haiwezi kunisaidia kwa lolote kati ya hayo kwa sababu yeye anajua kamba na milango tu, nani ni nani tunajua sie tuliokaa barazani.

Nimempa kila mtu namba, 1 mpaka 47 tulipofika, imeandikwa kwenye kikaratasi kagandikiwa kwenye pakacha lake. Nikafundisha klasi kwamba wachumaji wawili ni sawa kama namba zao ni sawa, kwa `__eq__`. Hapo nikapata tusi jengine, wachumaji wangu wakakataa kabisa kukaa mbele kwenye dikshenari. Ukiandika `__eq__` bila ya `__hash__` (ile inayotoa namba ya kutafutia kitu kwenye dikshenari), Python inaiondoa ile ya mwanzo, na ina haki, mana ushabadili maana ya kufanana na dikshenari inatafuta kwa hio. Mistari miwili nikaongeza, `__hash__` itokane na namba ile ile. Mambo yakatulia.

Jumatano

Fupi. Kijana mmoja kaondoka kambini kagombana na mwenzake juu ya pakacha. Ami kasema mfute. Nikaandika `del` na jina lake, nikaprinti Siku ya Jumatatu, bado yumo na pishi zake 7. Nilitaka kukasirika kisha nikaona ndo inavyotakiwa. `del` inakata kamba, haiui kitu. Kitu kinaondoka kamba zote zikishakatika, Python inazihesabu, ukitaka kuona hesabu ipo `sys.getrefcount`, ila mara nyingi itakupa moja zaidi kwa sababu na yenyewe inapohesabu inakuwa imekishika. Mtu kaenda zake lakini pishi zake 7 hajalipwa, kwa iyo asifutike. Nilimwambia ami hivo, ami akasema basi mlipe afutike.

Zipo na zile za vitu viwili vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe na hakuna wa nje anaevijua, hesabu haifiki sifuri kamwe, Python ina mfagizi wake anapita mara kwa mara. Mie havinihusu kwa sasa.

Jumamosi, siku ya malipo

Jumla ya wiki programu na kauntabuku zimelingana, 914 kwa 914, na imeandika "Sawa shangazi" na shangazi kasoma mwenyewe kwa sauti. Khamis wawili kila mmoja kalipwa zake. Bi Asha kahesabu pesa mara tatu, katia kwenye pindo la kanga, kaniombea dua.

Ami sasa anataka niongeze na makonyo, mana nayo yanauzwa. Sawa, wiki moja tu.

Tulipokuwa tunafunga shangazi kanipa kauntabuku jipya, limefunikwa gazeti safi na juu limeandikwa kwa kalamu nyekundu DAFTARI LA MWEZI HUU, akasema hili tuanzie upya, lile la zamani liwe la kumbukumbu. Nikalipokea kwa mikono miwili nikalifungua. Kurasa tatu za mwanzo wino umevuja kama ramani.

"Shangazi, hili si lile lile?"

"Nimelibadilisha jina."